Kaniki Jikoni: Historia ya Nguo Tuliyoichovya Wenyewe

Wasomaji wetu mtakumbuka kwamba kwa ajili ya Usiku wa Utamaduni wa mwaka huu, chama chetu kiliamua kutonunua kitambaa cha kupambia ukumbi. Tulisema tutakitia rangi wenyewe. Watano tulijitolea. Tulinunua mita kumi za pamba isiyopaushwa, ile yenye rangi ya maziwa, na Jumamosi moja asubuhi tukaingia katika jiko la nyumba wanayopanga wenzetu wawili hapa London. Tulidhani tungemaliza kabla ya adhuhuri. Kazi ilichukua Jumamosi tatu, na makala haya yametokana na yale tuliyoyasoma na kuyasikia wakati tukingoja kitambaa kikauke.

Rangi za jikoni

Tulianza na vitu vya kabatini. Tulichemsha maganda ya vitunguu, tukachemsha majani ya chai, tukachemsha manjano. Mmoja wetu alituonyesha jambo ambalo sote tulikuwa tukilisema kila siku bila kuliona: majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametoka jikoni na shambani. Rangi ya manjano ni rangi ya kile kiungo tunachotia kwenye mchuzi. Kahawia imetoka kwenye kahawa, kijani kwenye majani, na zambarau ni tunda linaloacha ulimi na shati la shule na madoa yasiyotoka. Watu walioipa lugha majina hayo walizijua rangi kwa mikono yao.

Maganda ya vitunguu yalitupa rangi nzuri iliyokaribia dhahabu, kwa sababu kabla ya kuchovya tuliloweka kitambaa katika maji yenye shabu. Shabu hushikisha rangi kwenye uzi, na bila hiyo rangi nyingi za mimea huondoka mara ya kwanza kitambaa kinapofuliwa. Manjano yalitudanganya. Siku ya kwanza yaling'aa kuliko vyote, tukapiga picha na kutuma nyumbani. Tulianika kitambaa dirishani kwa wiki moja, na hata kwa jua hili dogo la Uingereza kikapauka mpaka kikafanana na karatasi ya zamani.

Rangi tuliyoitaka hasa ilikuwa nili. Mwalimu wetu alipokiona kitambaa tulichonunua alikishika, akakinusa, akacheka. "Lakini hii si ndiyo merikani?" akauliza. "Mkiitia nili mtapata kaniki." Baadhi yetu tulikuwa hatujawahi kulisikia neno hilo. Wengine tulilisikia mara moja tu utotoni, na halikusemwa kwa sauti ya kawaida.

Merikani na kaniki

Merikani ni jina la nchi lililogeuka kuwa jina la nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Yeye na wafanyabiashara wengi wa upande wake walitoka mji mdogo wa bandari uitwao Salem, katika jimbo la Massachusetts. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Walicholeta kwa wingi kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, kilichofumwa katika viwanda vya kwao, na watu wa pwani wakakiita merikani. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya nchi ile. Kwa hiyo nguo iliyolimwa na mtumwa upande mmoja wa dunia ilikuja kuvaliwa na mtumwa upande wa pili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, na baadaye vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi, lakini jina lilibaki.

Kaniki ni kitambaa cha pamba kilichochovywa katika nili mpaka kikawa buluu iliyokolea, karibu na weusi. Nyingi zililetwa kutoka India zikiwa zimeshatiwa rangi. Oman nako nili ilitumika kwa karne nyingi, na miji ya Bahla na Ibri ilijulikana kwa watiaji rangi wake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilibeba merikani, kaniki na shanga, kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa fedha ya njiani: kwa nguo ulilipa hongo, ukanunua chakula na kuwalipa wapagazi.

Unguja nguo ilikuwa pia kipimo cha hadhi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake kuhusu Zanzibar baada ya utumwa, anaeleza kwamba watumwa walivaa nguo duni kabisa, na merikani ndiyo iliyokuwa vazi lao. Wanawake waliichovya katika nili ikawa kaniki. Baadaye, utumwa ulipoanza kulegea na kuondolewa, wanawake hao na binti zao waliitupa kaniki na kuikumbatia kanga, yenye rangi na maua, nguo ambayo mtu hakuweza kumtazama aliyeivaa akajua kwamba jana alikuwa mali ya mtu.

Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Katika chama chetu wapo ambao mababu zao walimiliki mashamba ya karafuu, na wapo ambao mababu zao walizichuma karafuu hizo bila ujira. Tunacheza mpira pamoja, tunapika biriani pamoja, na katika miaka miwili ya chama hiki hatukuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Simu ya Unguja

Mmoja wetu alimpigia bibi yake kumwuliza alichokijua. Tuliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo Bibi. Tunataka kutengeneza kaniki."

Kimya. Kisha: "Kaniki? Ya nini? Mna mgonjwa?"

Ilibidi tuelezwe. Siku hizi kaniki huuzwa sana kwa ajili ya uganga, pamoja na nguo nyeupe na nyekundu, na kwa Bibi, mtu mwenye afya yake hatafuti kaniki. Tulipomwambia kwamba ni ya somo la historia, alitulia, akasema kwamba zamani ilikuwa nguo ya watu wa shamba, na kwamba mama yake hakutaka kuiona ndani ya nyumba. Mjukuu akamwuliza sababu. "Wewe soma tu," alijibu, akabadilisha mazungumzo.

Lakini kuhusu kutia rangi alikuwa na mengi. Alitueleza jinsi walivyochemsha ukili wa mikeka kwa manjano kupata rangi ya njano, na kwa magome ya mkandaa kupata wekundu wa hudhurungi. Alikumbuka pia maji ya nili aliyosuuzia kanzu nyeupe za Babu ili zing'ae siku ya Ijumaa. Mambo haya aliyajua bila kipimo chochote, na alituonea huruma aliposikia kwamba tulikuwa na mizani na kipimajoto.

Sufuria ya nili

Nili haifanyi kazi kama chai. Haiyeyuki katika maji. Ukiitia kwenye sufuria na kuchovya kitambaa utapata uchafu wa buluu unaotoka kwa kusuuzwa. Ni lazima kwanza oksijeni iondolewe katika maji yenye magadi, chokaa au majivu, na hapo nili hugeuka na kuyeyuka. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kuchachusha mchanganyiko kwa siku kadhaa ndani ya mtungi. Sisi tulitumia njia rahisi ya jikoni: sehemu moja ya nili, mbili za chokaa na tatu za sukari ya matunda, katika maji ya moto yasiyochemka. Tulivaa glavu, tulifungua madirisha, na sufuria hiyo haitapikiwa tena.

Mara ya kwanza tulishindwa. Tuliikoroga kama uji, tukaingiza hewa yote ambayo sukari ilikuwa inajaribu kuiondoa, na kitambaa kikatoka na rangi ya maji ya kufulia. Jumamosi iliyofuata tulikoroga polepole, tukafunika, tukangoja saa nzima. Maji yakawa ya njano yenye ukijani, na juu yakatanda utando unaong'aa kama shaba. Tulichovya kitambaa taratibu na kukitoa. Kilitoka kijani. Kisha, mbele ya macho yetu, hewa ikakigusa na kijani kikaanza kugeuka buluu, kuanzia kwenye pindo. Hakuna aliyesema neno. Tulirudia mara saba, kwa sababu weusi wa kaniki haupatikani kwa mchovyo mmoja. Kucha za wote watano zilikaa buluu kwa wiki.

Kijana wa Cable Street

Jumamosi ya tatu, kitambaa kikiwa kwenye kamba, tulipanda treni kwenda mashariki ya London, mtaa wa Cable Street, kutazama kibao cha buluu cha kumkumbuka William Henry Perkin. Mwaka 1856, wakati wa likizo ya Pasaka, Perkin alikuwa na miaka 18 na alisoma kemia kwa mwalimu Mjerumani, August Wilhelm Hofmann. Alikuwa na maabara ndogo nyumbani kwao, na humo alijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria, na Waingereza waliihitaji kwa ajili ya watu wao katika makoloni. Hakuipata. Alipata uji mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa rangi ya zambarau. Alijaribu kwenye hariri, ikashika, na haikutoka kwa sabuni wala jua. Agosti ya mwaka huohuo alipata hataza, akaacha masomo ingawa mwalimu wake hakupenda, na mwaka 1857 alifungua kiwanda Greenford pamoja na baba na kaka yake. Hariri ilikuwa rahisi. Pamba ilimsumbua mpaka alipopata njia ya kuishikisha rangi kwa tanini.

Wanakemia wengine walimfuata. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na kilimo cha nili huko India kikaporomoka. Mwaka huohuo wa 1897, mwezi wa Aprili, Zanzibar ilitangaza kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Mambo haya mawili hayakusababishana, lakini kwa mwanamke wa Ng'ambo yalikutana kwenye mwili wake: alipokuwa anapata haki ya kuchagua nguo, rangi zilikuwa zimeanza kuwa rahisi na nyingi, na viwanda vya Uholanzi na Uingereza vilikuwa vinachapisha kanga kwa mitindo aliyoitaka yeye.

Tulisimama mbele ya kibao tukawaza. Perkin alikuwa mdogo kuliko sisi, alijaribu rangi nyumbani, akakosea, akapata. Wanawake waliochovya merikani huko Unguja nao walijaribu nyumbani, wakakosea, wakapata. Yeye tunajua mpaka alizaliwa tarehe gani. Wao hatumjui hata mmoja kwa jina. Hatusemi hivi kumpunguzia Perkin heshima yake. Tunasema kwa sababu darasani tumefundishwa kuita kazi yake uvumbuzi na kazi yao desturi.

Kazi ya nyumbani yenyewe haikufa. Leo huko Dar es Salaam na miji mingine wanawake wanatengeneza batiki uani, kwa nta na kwa kufunga kamba, wakitumia rangi za kiwandani, na wengi wamefundishwa kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Mama wa mwenzetu mmoja alimlipia ada ya sekondari kwa batiki. Alipoona picha za sufuria yetu alituonya kwanza juu ya glavu, kisha juu ya bei: "Kwa Jumamosi tatu, hiyo nguo mtaiuza kiasi gani?"

Ukumbini

Wiki moja kabla ya Usiku wa Utamaduni tulibishana. Baadhi yetu tuliona kwamba kutundika kaniki ukumbini ni kuwatonesha wazazi kidonda. Wengine tuliona kwamba tusipoitundika tutakuwa tunafanya lilelile la mama yake Bibi, kuifungia nje ya nyumba bila kusema kwa nini. Tulipiga kura, na walioshinda walizidi kwa kura mbili tu. Tukaitundika katikati, na dhahabu ya vitunguu pembeni, na kando yake karatasi yenye maelezo mafupi ya historia mliyoisoma hapa.

Mzazi mmoja aliisoma karatasi, akaondoka bila kutuaga. Mwingine, mama wa makamo, alisimama pale muda mrefu akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akatuambia kwamba nyanya yake alizaliwa shambani Pemba na kwamba hajawahi kuwasimulia watoto wake. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake. Walikaa pembeni wakazungumza mpaka chakula kikapoa.

Kipande cha mita mbili tumempelekea Bibi kwa mkono wa msafiri. Hakusema kama ataivaa. Alisema ameilowesha usiku kucha katika maji ya chumvi, ameifua mara mbili, na rangi haijatoka. Mjukuu wake amemwomba, atakapokwenda Unguja mwezi wa Julai, wakae waimalizie ile hadithi ya mama yake. Bibi amejibu kwamba aje kwanza.