Herufi L Pembeni mwa Jina la Farasi

Katika ratiba za mbio za farasi za Marekani, kwa miaka mingi karibu kila jina lilikuwa na herufi L pembeni. Maana yake ni Lasix, dawa ileile ambayo hospitali zetu huwapa wagonjwa wa moyo waliovimba miguu ili wakojoe maji yaliyozidi.

Farasi akitimka kwa nguvu zote, presha kwenye vimishipa vya mapafu hupanda mno hata vingine vikapasuka. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na farasi aliyeitwa Bleeding Childers kwa kutokwa damu puani. Ukubwa wa tatizo ulionekana miaka ya 1970, madaktari wa mifugo walipoanza kupitisha mrija wenye taa puani hadi kwenye bomba la hewa. Walikuta damu ndani ya farasi ambao pua zao zilikuwa kavu kabisa.

Ili kupunguza uvujaji huo, majimbo yakaanza kuruhusu sindano ya Lasix siku ya mbio, New York ikiwa ya mwisho mwaka 1995. Farasi huchomwa shingoni, kwenye mshipa, yapata saa nne kabla ya kukimbia. Hukojoa lita kwa lita, na huingia uwanjani akiwa amepungua kilo kumi au zaidi.

Je, hiyo ni tiba au ni msaada wa kushinda? Ni vyote viwili. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini kwa farasi 167 na kuchapishwa mwaka 2009 ulithibitisha kuwa dawa hupunguza kuvuja damu. Lakini mwaka 1999, uchunguzi wa farasi zaidi ya 22,000 wa Marekani na Kanada ulikuwa umeonyesha kuwa waliochomwa walikimbia kwa kasi zaidi na kuingiza fedha nyingi zaidi.

Wanaoitetea wana hoja nzito: kumkimbiza mnyama huku mapafu yakivuja ni ukatili. Hata hivyo, dawa ya wagonjwa iligeuka kuwa ya wote, kwa sababu hakuna mkufunzi aliyetaka farasi wake abebe kilo ambazo wenzake wamezikojoa. Ulaya, Hong Kong na Dubai farasi nao huvuja damu, lakini sindano hiyo ni marufuku siku ya mbio.

Marekani ilianza kubadilika baada ya vifo vingi vya farasi katika uwanja wa Santa Anita mwaka 2019. Mbio maarufu za Kentucky Derby za 2021 zilikimbiwa bila Lasix. Kanuni za kitaifa zilizoanza Mei 2023 ziliizuia kwa farasi wa miaka miwili na katika mbio kubwa. Katika mbio nyingine ziliiruhusu kwa miaka mitatu, ili watafiti waichunguze upya.