Kipitiaji na Kichujio cha Marudio

Lugha nyingi za programu zina kifaa kinachokupa thamani moja, kisha inayofuata, kila unapoiomba, bila kukukabidhi orodha nzima kwa mpigo. Wapo wanaokiita iterata. Mimi nakiita kipitiaji, kwa kuwa jina hilo linasema kazi yenyewe. Tena wapo waandishi wanaolitumia neno "marudio" kwa tendo hilo la kupitia, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza: tutaziitaje thamani zilizokwisha kupita zikaja tena? Hizo ndizo marudio hasa, na programu inayoziondoa ni kichujio cha marudio. Neno "nakala" halifai hapa, maana linadai kuna asili moja na nyingine zimeigwa kwake, ilhali kichujio hubakiza tu ile iliyotangulia kufika.

Tuseme karani wa bichi ya Dunga, Kisumu, anaandika kila boti inapofika ufuoni: namba ya usajili iliyopakwa ubavuni, aina ya samaki, kilo. Boti ya omena huvua usiku kwa taa na kushusha asubuhi, kwa hiyo namba ileile itaonekana mara nyingi kwa wiki. Tukitaka kujua ni boti gani zilifika, programu hufungua seti tupu. Kila mstari ukija huuliza: namba hii imo? Ikiwa imo, mstari unaachwa. Ikiwa haimo, namba inaingizwa ndani ya seti na mstari unapitishwa mbele. Boti zinabaki katika mpangilio uleule zilivyofika.

Ugumu uko kwenye kuamua vitu viwili vinakuwa kimoja lini. Ukichuja kwa kilo, boti mbili zilizoleta kilo 40 kila moja zitageuka moja, na mvuvi mmoja atapotea kwenye hesabu. Sehemu ya rekodi tunayoilinganisha huitwa ufunguo, na ufunguo ukikosewa, hakuna msimbo utakaookoa matokeo. Ziwa letu, Victoria, lina mtego wake. Omena wa Kisumu ndiye dagaa wa Mwanza, ndiye mukene wa Uganda, na mbuta ndiye sangara. Tangu mwaka 2000 Kenya, Tanzania na Uganda zimekuwa zikiendesha sensa ya pamoja ya uvuvi, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja. Anayeunganisha majedwali ya namna hiyo akichuja majina kama yalivyoandikwa, kwa omena pekee atapata samaki watatu badala ya mmoja. Kwanza majina yote ya omena yageuzwe kuwa Rastrineobola argentea, ndipo yachujwe. Hata "Omena" yenye herufi kubwa na "omena" yenye ndogo ni thamani mbili machoni pa mashine.

Kuna pia kichujio kinachotazama jirani tu. Amri ya uniq katika Unix ikipewa mbuta, mbuta, omena, mbuta, itatoa mbuta, omena, mbuta, kwa sababu huondoa marudio yanayofuatana pekee. Ndiyo maana watu huipangia data kwanza kwa amri ya sort. Lakini kupanga kunadai data yote iwe imeshafika, na kipitiaji kinachosoma rekodi za bichi moja kwa moja huenda hakina mwisho. Nyaraka za Python zinatoa njia zote mbili, unique_justseen na unique_everseen. Ya kwanza naiita uchujaji wa mfululizo, ya pili uchujaji wa jumla.

Uchujaji wa jumla una gharama: seti hukua kwa kila thamani mpya. Mwaka 1970 Burton Bloom alichapisha njia inayotumia kumbukumbu kidogo sana, kwa sharti moja: huweza kusema "nimeiona" juu ya kitu ambacho bado hakijapita, ingawa haitakisahau kilichokwisha kupita. Kwa mabilioni ya anwani za tovuti, kosa hilo linavumilika. Kwa boti za ziwa halivumiliki, kwani kila kosa ni boti halisi iliyofutwa. Nazo boti za upande wa Kenya huhesabiwa kwa maelfu tu, na seti ya namba zake zote inaenea ndani ya simu ya kawaida. Tumia seti.