Mpe Konda, Kitafika

Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wanasimulia jambo hili kama maajabu ya Musa: unashika simu, unaita bodaboda, halafu hupandi. Kinapanda kifurushi, wewe unabaki barazani. Wanasema ni mambo mapya yaliyoletwa na programu za simu, tangu Uber ilipoingia jijini mwaka 2016 na wenzake wakafuata nyuma. Sisi wa Mara tukisikia hivyo tunatazamana na kucheka kidogo. Huku kwetu kifurushi ni abiria wa siku nyingi, bwana. Ila historia yake haijaandikwa, kwa kuwa wenye historia hiyo ni makonda, tingo na akina mama wauza dagaa, watu ambao hakuna aliyewahi kuwafuata na kalamu. Ngoja niianze mimi, na wewe ndugu msomaji utaongezea.

Tuanze na ziwa, maana Musoma imezaliwa ziwani. Reli ya Uganda iligusa Kisumu mwaka 1901, na tawi la reli ya kati likafika Mwanza mwaka 1928. Musoma ikaachwa katikati bila reli, na mpaka leo haina. Kilichoziba pengo hilo ni meli. Meli za shirika la reli zilizunguka ziwa zikitia nanga Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na kwingineko, zikiwa na watu, magunia na mifuko ya barua ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1961 ikaanza kazi Victoria. Iliundwa Glasgow na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kisumu na kuunganishwa upya. Mbele ya jina lake ziliwekwa herufi R.M.S., yaani meli ya posta ya kifalme. Hebu tafakari: chombo kilijengwa kwa ajili ya abiria, lakini barua ndiyo iliyopewa heshima ya kutangulia kwenye jina.

Na wala hilo halikuanzia kwetu. Uingereza, mwaka 1784, bwana mmoja aitwaye John Palmer aliishawishi serikali ipakie barua kwenye magari ya farasi yaliyobeba abiria kati ya Bristol na London. Kule Finland wenye mabasi waliungana mwaka 1933 wakaunda Matkahuolto, ambayo vifurushi vya mabasi vimekuwa kazi yake kubwa. Kwa hiyo konda wa Bunda ana ndugu wengi duniani. Sababu ni ileile kila mahali: chombo kinakwenda tu, kiwe kimejaa au kina nafasi, na kifurushi hakili nafasi ya mtu.

Sasa turudi nyumbani. Novemba 1974, mjini Musoma, TANU ilitoa Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mengine lilisukuma elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Tukaambulia kizazi kizima kinachojua kusoma na kuandika. Lakini mtu akijua kuandika atataka kuandikia watu, na posta yetu haikuwa na desturi ya kugonga hodi mlangoni. Barua ilikwenda kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa la shule, la misheni au la mwajiri. Mkulima wa kijijini alisubiri hadi mwalimu au katekista apite mjini. Basi lilipita kila siku. Wewe ungechagua lipi?

Ndipo konda akawa tarishi. Si kwamba aliteuliwa. Alikuwepo tu, anajua kila kituo, na kila kituo kinamjua. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakaadimika, sabuni na sukari vikawa vitu vya kunong'onezana. Kifurushi kikapata thamani mpya: kipande cha sabuni kutoka kwa shemeji wa Mwanza kilikuwa ni salamu tosha. Mwaka 1983, Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, kubeba mzigo usioujua kukawa na hatari yake. Konda alijifunza swali ambalo wenzake wanaliuliza mpaka kesho: "Humu ndani kuna nini?"

Utaratibu wenyewe ni mfupi, lakini una akili. Unakwenda stendi, unatafuta gari linalokaribia kutoka. Mzigo mkubwa unapelekwa ofisini, unaandikiwa stakabadhi. Mdogo unampa konda mkononi. "Mura, huu mpe mama mmoja pale Makutano, kajifunga kitenge cha njano, anaitwa Mama Bhoke." Konda anaitikia kwa kichwa, anachomeka bahasha juu ya dashibodi. Zamani hapo ndipo ulipobaki na Mungu wako. Simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000, ukaanza kuandika namba ya gari na namba ya konda, kisha unampigia mwenye mzigo asogee barabarani. M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008 hata nauli ya mzigo ikapata njia ya kusafiri peke yake. Anwani yetu haikuwa mtaa wala nyumba. Ilikuwa saa, kituo na rangi ya kitenge.

Kipande cha mwisho ndicho kilichokuwa kigumu. Chukua Butiama. Ni mahali alipozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alipozikwa mwaka 1999, dunia nzima inapajua. Lakini basi la Mwanza kwenda Musoma haliingii Butiama. Linashusha Makutano, linaendelea na safari. Hapo abiria na kifurushi wako sawa, wote wanatafuta chombo kingine. Ilikuwa miguu, ikaja baiskeli, halafu pikipiki. Jina lenyewe bodaboda limezaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli wa Busia waliovusha watu kutoka boda moja kwenda nyingine. Kwetu pikipiki ziliingia kwenye biashara kabla sheria haijazijua, na ni mwaka 2010 ndipo zilipotolewa kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria. Abiria, nasema. Lakini simama pale Makutano asubuhi uhesabu: kuku, dawa, unga wa ulezi, spea ya pampu, sare ya mtoto wa shule. Vingi vinasafiri bila mwenyewe.

Hapa ndipo penye kidonda. Mwaka 2011 nilituma kutoka Bunda kwenda Musoma daftari la kaunta kwaya lenye hadithi zangu saba, rafiki yangu azipige chapa. Nilimkabidhi konda, nikaandika namba ya gari, nikalipa alichotaja. Daftari halikufika. Konda akasema alimpa mwenzake wa zamu, mwenzake akasema hakupewa kitu. Gari silitaji jina, maana lingeweza kuwa gari lolote. Hakukuwa na karatasi ya kunionesha mimi nilituma nini, wala ya kumuonesha yeye alipokea nini. Hadithi mbili nimeziandika tena kutoka kichwani. Tano zimekwenda.

Nimeliwaza sana jambo lile, na hasira yangu imehama kutoka kwa yule konda. Ile elfu moja niliyompa haikuwa kwenye mshahara wake wala kwenye hesabu za tajiri wake. Kifurushi kikifika, faida tunagawana wote. Kikipotea, kila mmoja anageukia upande wake. Bodaboda ndiye aliye chini kabisa. Anabeba mfuko uliofungwa na asiyemjua, apelekee asiyemjua, na polisi akimsimamisha mzigo unakuwa wake.

Sheria haijalala. Ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayefanya biashara ya kusafirisha vifurushi awe na leseni, na TCRA ndiyo msimamizi. Ni sawa. Lakini leseni inamfaa mwenye kampuni. Konda na kijana wa pikipiki wanahitaji kitu kidogo zaidi: kijitabu cha kurasa mbili mbili, jina la mtumaji, kilichomo, saini. Wapo watakaosema karatasi inaua uaminifu. La hasha. Uaminifu wetu umebeba mizigo ya mkoa mzima kwa miaka mingi bila posho. Karatasi ingeupunguzia uzito tu.

Na wale wa programu za simu wasijione wamefika. Uber walianzisha huduma ya vifurushi New York mwaka 2014, wakaiita UberRUSH, na mwaka 2018 wakaifunga. Mabilioni yao hayakuiokoa. Konda wa Bunda, asiye na mtaji wala ofisi, aliendelea.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, mnatafuta historia kwenye maboma ya Wajerumani na hotuba za viongozi. Nendeni pia stendi ya Bweri, kaeni na konda mstaafu, mumuulize alibeba nini mwaka ule mpaka ulipofungwa, na nani alikuwa akimsubiri kituo gani. Nendeni na daftari. Mkimaliza, tunzeni nakala.