Zamu ya Kusema Hewani: Kutoka Foni za Bunia hadi Lebo za Redio

Kabla simu za mkononi hazijaenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, mji wa Bunia nchini Kongo ulizungumza na Kisangani, Butembo na Kinshasa kwa foni, yaani redio ya mawimbi mafupi. Wamisionari, marubani wa ndege ndogo na wafanyabiashara waliitegemea. Masafa yalikuwa machache, vituo vingi. Maopereta wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, msikilizaji aliambulia mlio tu.

Dawa ilikuwa nidhamu: saa maalumu, na kituo kiongozi kinachoita vingine kimoja kimoja. Kusikiliza kwanza hakukutosha. Mawimbi mafupi hupanda angani na kurudi ardhini mbali, hivyo kituo cha jirani chaweza kuwa kimya sikioni huku kikisikika wazi Kinshasa. Hata opereta mwangalifu alimkanyaga mwenzake bila kujua.

Mwaka 1971, Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliukabili mgongano huo kwa kompyuta za visiwani. Katika mtandao wake, ALOHA, kila kituo kilirusha ujumbe wakati wowote. Kisipopata jibu, kilisubiri muda wa kubahatisha na kurudia. Ilikuwa njia nyepesi, lakini hata ikifanya vizuri kabisa ilitumia takriban asilimia 18 tu ya uwezo wa chaneli. Mwaka 1972 Lawrence Roberts aliugawa muda katika vipande, na kiwango kikafika asilimia 37. Mwaka 1979 John Capetanakis alichapisha njia ya mti: waliogongana hugawanywa makundi mawili, kisha tena, hadi abaki mmoja.

Lebo za redio (RFID) zilirithi njia zote mbili, ya bahati na ya mti, kwa shida kubwa zaidi. Lebo isiyo na betri hupata nguvu kutoka kwa kisomaji na haisikii lebo nyingine hata kidogo, hivyo kisomaji lazima kiongoze. Kiwango cha ISO 14443, kinachotumiwa na pasipoti za kibayometriki kama zile Kongo ilizoanza kutoa mwaka 2015, kinaruhusu aina mbili: A hutafuta namba biti kwa biti kama mti, B hutumia vipande vya muda.

Kwa kadi mbili tatu, mti ni bora: hauachi yeyote. Ukipewa shehena yenye mamia ya lebo, maswali huwa mengi. Kwa shehena kama hizo, kiwango cha lebo cha Gen2, kilichoidhinishwa Desemba 2004, kilichagua bahati inayosimamiwa. Kisomaji hutangaza idadi ya vipande. Kila lebo huchagua namba na kuhesabu kushuka. Iliyofika sifuri hutuma kwanza namba fupi ya nasibu, na utambulisho wake hufuata baada ya kukubaliwa. Migongano ikizidi, vipande huongezwa. Vikiwa vitupu vingi, hupunguzwa. Lebo iliyokwisha kusomwa hugeuza alama yake ya ndani na kunyamaza, ili zenye mawimbi hafifu zipate kusikika.