Mende na Jirani

Sisi wa Kigoma tukisikia jina la David Livingstone, tunakumbuka Ujiji mwaka 1871. Yupo mwingine, Mmarekani David Livingstone Smith, aliyekuwa mtabibu wa mambo ya nafsi London kabla ya kugeukia falsafa. Mwaka 2004 alitoa kitabu kuhusu uongo, hasa ule ambao mtu hujidanganya mwenyewe. Mwaka 2011 akatoa kingine kuhusu jinsi tunavyowavua wenzetu utu. Baadaye akaongeza jambo zito: muuaji hasahau kwamba aliye mbele yake ni mtu. Anamwona mtu na mdudu kwa pamoja, ndiyo maana anamwogopa.

Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Wapo waliowaua watu walioshiriki nao Meza ya Bwana.

Wapendwa, sisi wa Kitanga tusijiweke mbali. Tumewapokea Warundi tangu 1972, na Wakongo wa Nyarugusu tangu 1996. Watoto wao tuliwabatiza kwa majina. Lakini mbuzi akipotea, tunasema "ni wale", hata kabla ya kutafuta nyayo. Kiha na Kirundi husikilizana. Ili kumwona kiumbe wa ajabu mtu ambaye maombi yake tunayaelewa bila mkalimani, inatubidi kwanza tujidanganye sisi wenyewe.

Kila mwaka tunawafundisha vijana wa kipaimara amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo. Hatujawahi kuwauliza kama jirani huyo anaweza kuwa anaishi kambini.