Chemko Kwenye Rekodi

Kuiita bendi fulani “bendi ya jamu”, kwa kufuata “jam band” ya Kiingereza, hakutatufikisha mbali. Jamu tayari ina kazi mbili nchini Kenya: ya kupakwa kwenye mkate na ya kutukwamisha Thika Road jioni. Jambo lenyewe hata hivyo tunalijua. Maneno ya wimbo yanaisha, mwimbaji anarudi nyuma, na wapiga ala wanaendelea dakika kumi au zaidi wakibuni papo kwa papo, kila mmoja akimtegea mwenzake sikio ajue pa kuelekea.

“Ubunifu wa papo hapo” unatosha darasani. Wanamuziki wana majina yao. Wakongo husema sebene, wapiga benga husema klaimaksi, na kwenye muziki wa dansi wa Tanzania, wa bendi kama Mlimani Park iliyoundwa 1978, jina ni chemko. Mwanzo wa wimbo hutulia ili mashairi yasikike. Kisha mdundo unapanda, magitaa yanazunguka, waliokaa wanainuka. Mimi nachagua chemko, najua mpiga benga atanibishia. Sebene limefungamana mno na gitaa la Kikongo. Klaimaksi nayo inaahidi kilele kimoja, ilhali mchezo huu hupanda, hushuka na kupanda tena, kadiri moto unavyochochewa.

Santuri haikulitendea haki chemko. Upande mmoja wa ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ulibeba dakika tatu au nne, ndiyo maana nyimbo nyingi zilizotoka Nairobi miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili: maneno huku, magitaa kule, na katikati mtu ainuke ageuze sahani. Wamarekani walibanwa vivyo hivyo. “Dark Star” ya Grateful Dead ilitoka 1968 kwenye santuri ndogo bila kufika dakika tatu. Kwenye albamu ya jukwaani ya 1969 ilichukua dakika 23. Mashabiki wakaanza kwenda na vinasa sauti, na mwaka 1984 bendi ikawatengea sehemu yao ya kurekodia nyuma ya fundi mitambo.

Leo hii, mjini Isiolo, kinasa sauti ni simu. Mji wa Meru uko kilomita kama 50 tu, na bendi ya huko ikija kupiga benga usiku, asubuhi klipu ziko WhatsApp. Hizo naziita rekodi za ukumbini, si mubashara. Mubashara ni matangazo yanayorushwa jambo likiendelea. Ya juzi si mubashara tena, hata mwenye klipu akiiandika “laivu”.

Simu hujipimia sauti yenyewe. Kila ngoma kubwa ikipigwa, gitaa linazama kisha linaibuka, mpaka wimbo mzima unahema. Besi inakwaruza. Mtu aliyesimama karibu anaagiza soda, na kwa sekunde tatu yeye ndiye mwimbaji. Ukirekodi kwa waya kutoka kwenye miksa, kelele hizo hazipo, lakini gitaa lenye spika yake jukwaani husikika kwa mbali, na watu ni kama hawasikiki. Mafundi wenye subira huchanganya rekodi zote mbili.

Ukirudia kusikiliza, achana na gitaa la solo. Masikio yalishalikimbilia mara ya kwanza. Fuata besi. Solo linazunguka palepale, rithimu haitikisiki, halafu besi inaruka pigo moja na kuacha pengo. Solo linaacha mzunguko wake na kulijaza. Ngoma zinachelewa kidogo kuwafuata, kwa sababu mpiga ngoma naye ndiyo kwanza anasikia. Kuchelewa huko ndiko ushahidi kwamba hawakupanga, studio ingekunyoosha. Radio Tanzania ilinusuru mengi ya namna hii kwa kuzirekodi bendi zikipiga kwa pamoja chumba kimoja, kwenye utepe usio na ufinyu wa santuri.

Kasoro ninayoilaumu zaidi kwenye klipu za Isiolo si mikwaruzo. Zinaanza chemko likiwa limeshashika, maana mtu huchomoa simu wenzake wakishainuka kucheza. Basi hujui solo linageuza nini, kwa kuwa mahadhi ya mwanzo hukuyasikia. Anayerekodi aanze na ubeti wa kwanza, na simu ikijaa, afute picha za nyama choma.