Siku ya kuzaliwa na miaka ya ndoa: Jinsi familia za Kililana zilivyohesabu umri

MKULIMA mzee wa Kililana, kijiji kilicho upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, akiulizwa alizaliwa lini, pengine hatataja tarehe. Atataja msimu, tukio lililotikisa nchi mwaka huo, au mnazi uliopandwa alipozaliwa.

Jibu hilo halimaanishi kwamba wazazi wake hawakuijali siku hiyo. Waliisherehekea kwa namna nyingine, wala hawakuona haja ya kuirudia kila mwaka.

Hivi leo kuna vijana wa kijiji hicho wanaokata keki na kupigwa picha kwa simu. Watoto walio mijini huwafanyia wazazi wao karamu ya kutimiza miaka 25 au 50 ya ndoa. Baina ya desturi hizo mbili pana swali zito kuliko keki: ni nani anayeitunza kumbukumbu ya familia, na anaitunza wapi?

Makala haya yanaeleza hatua ambazo familia za Waswahili na Wabajuni wa Lamu zimekuwa zikiadhimisha, namna zilivyohesabu miaka, na sababu ya tarehe kuwa jambo la haki na mali.

SIKU SABA NA SIKU ARUBAINI

Katika familia ya Kiislamu ya pwani, sherehe ya kwanza ya mtoto huja mapema. Mara baada ya kuzaliwa huadhiniwa katika sikio la kulia na kukimiwa katika la kushoto, ili neno la kwanza alisikialo duniani liwe la ibada.

Siku ya saba hufanywa akika. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili na wa kike mmoja. Mtoto hunyolewa nywele, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito sawa na nywele hizo. Jina nalo hutangazwa.

Mama hukaa ndani siku arubaini akihudumiwa na jamaa zake. Zikitimia, yeye na mwanawe hutoka, na jirani huja kuwatazama. Hiyo ni sherehe ya mama sawa na ya mtoto, kwa kuwa wote wawili wamevuka salama.

Kitovu cha mtoto kilizikwa ardhini, na mara nyingi mti ukapandwa. Ndiyo maana mtu wa pwani akitaka kusema hapa ni kwao, husema hapa ndipo kilipozikwa kitovu chake. Mnazi ulipokua, mwenyewe aliweza kuutazama akaona umri wake umesimama mbele yake.

JINA LILIKUWA CHETI

Kabla ya cheti cha serikali, jina lenyewe lilibeba habari ya kuzaliwa. Juma na Khamisi ni majina yatokanayo na siku za wiki. Rajabu, Shaabani na Ramadhani hutaja mwezi. Idi na Maulidi hutaja sikukuu, na Mwaka ni jina lililopewa aliyezaliwa siku ya kufungua mwaka.

Kasoro ya cheti cha aina hiyo ni kwamba kinataja siku au mwezi, lakini hakitaji mwaka. Hapo ndipo matukio yalipohitajika. Wapo waliozaliwa mwaka wa mafuriko makubwa ya 1961, mwaka wa Uhuru wa 1963, au wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Kizazi cha karibuni kitasema kilizaliwa mwaka ule Rais Mwai Kibaki alipokuja Lamu kuzindua bandari, Machi 2, 2012.

Mtindo huu si wa pwani pekee. Wakikuyu, ambao wengi wao walihamia Mpeketoni katika kaunti hiyo hiyo kuanzia miaka ya sabini, walihesabu umri kwa rika. Kila rika la waliotahiriwa pamoja lilipewa jina la jambo kuu la mwaka huo.

Familia zilizojua kusoma ziliandika pia. Ukurasa wa mwanzo au wa mwisho wa msahafu wa nyumbani ulikuwa mahali pa kuandika nani kazaliwa, siku gani na mwezi gani. Msahafu haukutupwa, hivyo kumbukumbu haikupotea.

KALENDA TATU KATIKA NYUMBA MOJA

Ugumu wa tarehe za Lamu unatokana pia na wingi wa kalenda. Ibada hufuata mwaka wa Hijria, wenye siku 354 au 355. Shule na ofisi hufuata mwaka wa Miladi. Wakulima na mabaharia walifuata mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, unaogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo walijua wakati wa kufyeka, kupanda na kusafiri. Huko Makunduchi, Zanzibar, siku ya Nairuzi ingali ikisherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11, na tofauti hiyo hulimbikizana. Aliyetimiza miaka 32 kwa Miladi anakaribia 33 kwa Hijria.

Tuchukue mfano wa ndoa. Mwezi wa Muharram wa mwaka 1400 Hijria ulianza Novemba 1979. Mume na mke waliooana mwezi huo walitimiza miaka 45 ya Hijria Julai 2023, ilhali kwa Miladi walikuwa na miaka 43 na miezi minane tu. Miaka yao 50 itatimia Mei 2028 kwa hesabu ya mwezi, na Novemba 2029 kwa hesabu ya jua. Wanawe wakigombana kuhusu mwaka wa karamu, huenda wote wana haki.

HARUSI NDIYO KILELE

Hakuna sherehe ya familia inayoifikia harusi kwa uzito katika visiwa vya Lamu na bara yake. Hutanguliwa na posa, kisha mahari, halafu nikaha inayofungwa mbele ya walii na mashahidi.

Bibi harusi hutiwa hina na kusingwa kwa singo, mchanganyiko wa manukato unaolainisha ngozi. Wanawake hukesha kwa vugo, ngoma inayoitwa kwa jina la pembe wanazozigonga, na kwa lelemama. Huja siku ya bibi harusi kupambwa na kuonyeshwa wageni wanawake, na fungate, siku saba za maarusi kukaa ndani wakihudumiwa.

Baada ya hapo, desturi haikuweka siku ya kila mwaka ya kukumbuka ndoa. Ndoa ilipimwa kwa matunda yake: mtoto wa kwanza, mtoto kuhitimu Qurani chuoni, mtoto kuozwa. Mzazi aliyeoza wanawe wote alihesabiwa kuwa amefika, hata kama hakuna aliyejua ni mwaka wa ngapi.

Jubilei ya fedha ya miaka 25 na ya dhahabu ya miaka 50 zilienea kutoka Ulaya, zikazoeleka Kenya hasa makanisani, ambako wanandoa hurudia viapo vyao mbele ya waumini. Kwa familia za Lamu ni jambo geni lililoingia kupitia shule, kazi za mijini na televisheni.

SIKUKUU ZA KILA MWAKA

Si kweli, hata hivyo, kwamba watu wa Lamu hawajui kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Neno Maulidi asili yake ni Kiarabu na maana yake ni mazazi. Sherehe kubwa kuliko zote za Lamu ni mazazi ya Mtume Muhammad, katika Mfunguo Sita, yaani Rabiulawwal.

Maulidi hayo yanahusishwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeasisi Msikiti wa Riyadha mjini Lamu. Wageni huja kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na ng'ambo. Huwapo mashindano ya punda na ya majahazi, na ziara ya kaburi la Habib Swaleh.

Sherehe nyingine ya kila mwaka ni hauli, kumbukumbu ya siku aliyofariki mtu mwema. Kwa desturi ya pwani basi, aliyefaa kurudiwa mwaka hadi mwaka ni Mtume na waliotangulia mbele ya haki. Aliye hai aliombewa dua, akaachwa aendelee na kazi.

Ndiyo sababu masheikh hawaafikiani kuhusu keki. Wako wanaosema kuadhimisha siku ya kuzaliwa ni uzushi na kuiga wageni. Wako wanaoona ni mila tu, isiyo na ubaya iwapo hakuna israfu wala maasi, na iwapo nia ni kumshukuru Mungu. Familia nyingi hushika njia ya kati: hupika biriani au pilau, huita jamaa, husoma dua, na mtoto hupewa zawadi.

Kuna desturi moja ya Kenya ambayo imepata shida kuvuka bahari. Mijini, anayetimiza mwaka humwagiwa maji na marafiki zake. Katika kaunti ambamo baadhi ya vijiji hukinga maji ya mvua kwenye majabia na kuyapima kwa ndoo, mzaha huo hauchekeshi sana.

ARDHI ILIPOCHUKULIWA

Kililana ilipata kujulikana nchini kwa sababu ya bandari. Eneo lake linalotazama Ghuba ya Manda ndilo lililochaguliwa kwa bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha pwani na Sudan Kusini na Ethiopia. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 20, 2021 na Rais Uhuru Kenyatta.

Ili bandari ijengwe, wakulima waliachia mashamba, nao wakahakikiwa ili kulipwa fidia. Hapo ndipo tarehe zilipogeuka kuwa mali. Shamba likiwa la marehemu, ni lazima ijulikane ni nani mjane wake, ni nani wanawe, na ni nani aliyezaliwa kabla au baada ya nini. Mnazi uliopandwa siku ya kuzaliwa hauwezi kusimama kizimbani. Na mnazi wenyewe ukishang'olewa, kumbukumbu imekwenda nao.

Kwa Waislamu, mirathi na ndoa husikizwa na Mahakama ya Kadhi, inayotambuliwa na Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Kadhi husikiliza mashahidi, lakini mashahidi huzeeka na kufa. Karatasi hurahisisha kazi na kupunguza ugomvi wa ndugu.

Hasara ya kukosa tarehe inaonekana pia kwa wazee. Wakenya wengi wa makamo hayo wana vitambulisho vilivyoandikwa Januari 1, au mwaka pekee, kwa kuwa karani alikadiria. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwalipa waliotimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Mzee ambaye karani alimpunguzia miaka mitano husubiri miaka mitano zaidi.

SHERIA INASEMA NINI

Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kuandikishwa ndani ya miezi sita. Aliyezaliwa hospitalini hujulishwa na hospitali, na aliyezaliwa nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu. Baada ya miezi sita bado inawezekana, ila kwa utaratibu wa kuchelewa unaodai ushahidi na ada zaidi.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Nayo Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, zikiwemo za Kiislamu, na inaweka umri wa chini wa kuoa au kuolewa kuwa miaka 18. Wanandoa waliooana zamani bila cheti wanaweza kwenda kwa Kadhi na mashahidi wao ili ndoa yao itambuliwe.

KARAMU YENYE FAIDA

Familia itakayo kuadhimisha hatua zake haina haja ya kuchagua baina ya mila na usasa. Siku ya akika ni siku njema ya kuhakikisha kwamba mtoto ameandikishwa, kwa maana jamaa wote wako hapo. Tarehe iandikwe kwa kalenda zote mbili, ya Hijria na ya Miladi, pamoja na mahali, jina la mkunga na majina ya waliohudhuria.

Wazazi wakifanyiwa karamu ya ndoa, wasiishie kupigwa picha. Waulizwe walioana wapi, nani alikuwa walii, nani walikuwa mashahidi, mahari yalikuwa nini, na shamba la kwanza walilima wapi. Majibu yarekodiwe kwa sauti yao wenyewe na nakala wapewe watoto wote, wa kike na wa kiume.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wa Kililana wamejifunza kwamba neno hilo halihusu fedha peke yake. Umri nao ni mali, na ndoa ni mali. Keki italiwa imalizike usiku huo huo, lakini ukurasa wa mwisho wa msahafu, ukiandikwa vyema, utasomwa na mjukuu ambaye hajazaliwa.